Kikaraimu cha Trakai: "kutoka siku" inanukuliwaje, künlärdän au kʲunʲlʲarʲdʲanʲ?

Nyuki_wa_Fonolojia

Wakuu wa isimu, salaam. Nina zoezi la kunukuu (kuandika kwa alama za matamshi) maneno 40 ya Kikaraimu, ile lugha ya jamii ya Kituruki iliyobaki kwa wazee wachache huko Lithuania (Trakai, Vilnius, Panevėžys). Nimekwama mahali patatu.

La kwanza: chanzo kimoja kinaandika "siku" *kün*, na "kutoka (kwenye) siku", kwa wingi, *künlärdän*. Hiyo naielewa, ni ndugu wa *günlerden* ya Kituruki cha Istanbul. Chanzo kingine kinaandika *kʲunʲlʲarʲdʲanʲ*. Yaani *ü* imekuwa *u*, *ä* zote zimekuwa *a*, halafu kila konsonanti imebandikwa kijiti cha *ʲ*. Nani amekosea?

La pili: kwenye orodha niliyopewa kuna *kin* "siku", *kez* "jicho", *ic* "tatu", *bes* "tano". Ni makosa ya uchapaji?

La tatu: kwenye rekodi neno "siku" nalisikia kama *kuni*. Kabisa kabisa, kuni za kupikia. Hiyo *i* ya mwisho ipo au haipo?

Jaribio langu hadi sasa: [kunʲlardanʲ] "kutoka siku", [kozʲ] "jicho", [atlardan] "kutoka farasi (wengi)", [yʧ] "tatu".

---

Mwl_Irabu

Hakuna aliyekosea kati ya vyanzo vyako viwili. Wa kwanza ameandika neno lilivyokuwa, au lilivyo katika mpangilio wa kawaida wa lugha za Kituruki. Wa pili ameandika linavyotamkwa Trakai.

Anza na unachokijua. Kwenye Kiswahili kiambishi cha kutendea hufuata irabu ya shina: *pikia, katia, futia*, lakini *somea, letea*. Irabu ya shina inaiamuru irabu ya kiambishi, na konsonanti iliyo katikati haiguswi. Lugha nyingi za Kituruki zina utangamano wa namna hiyo, ila zinaangalia mbele na nyuma badala ya juu na chini: shina lenye irabu ya mbele (e, i, ö, ü) huvuta kiambishi cha irabu ya mbele, *-ler, -den*, shina la irabu ya nyuma huvuta *-lar, -dan*.

Trakai mzigo huo umehamishwa. Konsonanti zilizokuwa jirani na irabu za mbele zililainika, yaani ulimi unainuka kuelekea kaakaa gumu wakati konsonanti yenyewe inatamkwa. Baadaye irabu nyingi za mbele zikarudi nyuma: *ö* na *ü* zinazofuata konsonanti zikawa *o* na *u*, na *e/ä* ya silabi zisizo za kwanza ikawa *a*. Ulaini ukabaki kwenye konsonanti. Kwa hiyo viambishi "-lar" na "-dan" vina irabu ileile kwenye maneno yote, na kinachobadilika ni konsonanti:

[atɫardan] kutoka farasi
[kʲunʲlʲarʲdʲanʲ] kutoka siku

Angalia tofauti na jaribio lako. Wewe umelainisha *n* ya shina na *n* ya mwisho, ukaacha *k, l, r, d* zikiwa ngumu. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza: anasikia ulaini pale unapojitokeza zaidi sikioni, kisha anauandika hapo tu. Ndani ya neno la asili konsonanti zote huwa upande mmoja. Ukikuta neno la Trakai lenye [nʲ] halafu [d] ngumu silabi inayofuata, shuku sikio lako kabla hujaishuku lugha.

Sasa sehemu inayowaangusha hata wazoefu, maana sheria hii haijamaliza kazi kila mahali.

Mwanzoni mwa neno, pasipo na konsonanti ya kubeba ulaini, *ö* na *ü* zimebaki zilivyo. Ndiyo maana "tatu" ni [yʧ], na hapo uko sawa, lakini "nne" ni [dʲortʲ]. Tazama pia kitenzi "najifunza", ambacho tahajia ya Lithuania huandika *ürianiam*: *ü* ya mwanzo ipo kamili, lakini *e* zilizofuata zote ni *a* baada ya konsonanti laini, [yrʲanʲamʲ]. Neno moja linakuonyesha hatua zote mbili.

*E* ya silabi ya kwanza imebaki *e*: *men* "mimi" ni [mʲenʲ], wala si [mʲanʲ].

Na jozi ya *i* na *y* (hiyo *y* ni irabu ya juu nyuma isiyoviringwa, [ɯ]) haijaunganishwa. "Alienda" ni *bardy* [bardɯ], "alikuja" ni *keldi* [kʲelʲdʲi]. Hapa vimebadilika vyote viwili, konsonanti na irabu. Kwa hiyo usiandike kwenye zoezi lako kwamba "Kikaraimu kimepoteza utangamano wa irabu". Kiambishi chenye irabu pana (*a*) hubadili konsonanti peke yake. Chenye irabu ya juu isiyoviringwa hubadili konsonanti pamoja na irabu.

---

Tarumbeta

Naongezea la *kuni*, maana hili ni la kwetu sisi hasa. Silabi za Kiswahili huishia kwenye irabu, hivyo sikio likikutana na [nʲ] mwisho wa neno linajitengenezea irabu ya kuifungia. Na kwa kuwa ulimi uko juu karibu na mahali pa *i*, irabu inayobuniwa ni *i*. Haipo. Jaribu: sema "nyama", kata kabla ya *a* ya kwanza, ubaki na mlio wa puani tu. Huo ndio mwisho wa "siku" ya Trakai, au karibu nao sana (*ny* yetu hutumia bapa la ulimi lote, [nʲ] huanzia ufizini ulimi ukiwa umeinuliwa nyuma yake).

Mtego mwingine uko kwenye [tʲ], [dʲ] na [kʲ]. Lugha yetu imezoea *ki* + irabu kuwa *ch*: ki-uma ni chuma, ki-ombo ni chombo. Usiipeleke tabia hiyo Trakai. Huko *č* ("ch") ni fonimu yake yenyewe, yaani sauti inayotofautisha maneno, kama mwishoni mwa *üč*. Ukiandika "chunych" kila panapolainika utafuta tofauti ambayo wenyewe wanaitunza.

Na tahajia! Ya Lithuania hutumia *i* kuonyesha kwamba konsonanti iliyotangulia ni laini: *kioz* "jicho" ni silabi moja, [kʲozʲ]. Soma *kio* kama unavyosoma *vyo* ya "vyombo". Usiisome kama *vi-a* ya "viatu". Mwishoni mwa neno au kabla ya konsonanti nyingine, pasipo na irabu ya kuwekea hiyo *i*, wanatumia alama juu ya herufi: *ń, ś, ź, ć, ŕ, ľ, ď, ť*. Ila usiitegemee alama kila mahali: mara nyingi waandishi wanaiacha palipo wazi kwa msomaji mwenyeji. Kwa hiyo kukosekana kwa alama si ushahidi wa konsonanti ngumu.

---

Kamusi_Mkononi

Swali la pili. Si makosa ya uchapaji. Umepewa orodha iliyochanganya lahaja.

Kikaraimu cha magharibi kina lahaja mbili: ya Trakai, na ya kusini iliyokuwa Lutsk na Halych (leo ni Ukraine), ambayo hali yake ni mbaya hata kuliko ya Trakai. Ya tatu ilikuwa ya Krimea. Halych hawakulainisha neno zima. Wao walitanua midomo: *ö* ikawa *e*, *ü* ikawa *i*. Pia *š* ikawa *s*, na *č* ikawa *c* (yaani "ts"). Weka sambamba uone:

siku: Trakai [kʲunʲ], Halych *kin*
jicho: Trakai [kʲozʲ], Halych *kez*
tatu: Trakai *üč*, Halych *ic*
nne: Trakai [dʲortʲ], Halych *dert*
tano: Trakai *beš*, Halych *bes*

Kipimo kingine cha haraka ni ile *ŋ* ya zamani (*ng'* yetu ya "ng'ombe"). Trakai imekuwa *j*, Halych imekuwa *n*: "kwangu" ni *maja* kwa Trakai na *mana* kwa Halych.

Kwa hiyo kabla ya kunukuu chochote, pitia maneno yote 40 na kila moja uliandikie lahaja pembeni. Yenye *c* au *s* pale ndugu zake wa Kituruki wanapoweka *ç* au *ş* yatoe, ni ya Halych. Kamusi kubwa ya Kikaraimu, Kirusi na Kipolandi ya 1974 imekusanya lahaja zote tatu ndani ya jalada moja na kutenganisha kwa vifupisho. Anayenakili neno akaacha kifupisho ndiye anayezalisha orodha kama yako.

---

Nyuki_wa_Fonolojia

Shukrani sana wakuu. Nimetoa maneno 9, yamebaki 31.

Ila nina pingamizi kidogo kwa Mwalimu. Kwa nini nisiseme irabu bado ni za mbele, *künlärdän*, na konsonanti zinalainika tu kwa kukaa karibu nazo? Ingekuwa rahisi: fonimu za Kituruki zilezile, alofoni laini (matamshi mengine ya fonimu ileile) juu yake. Naona tumezidisha *ʲ* sita bila sababu.

---

Mwl_Irabu

Pingamizi halali, na lina watu wake. Wapo pia wanaosema ulaini si mali ya konsonanti wala ya irabu, ni mali ya silabi nzima, na kwamba kubishana ni nani aliyeanza ni kupoteza muda. Kwenye zoezi la unukuzi huhitaji kuamua nadharia. Unahitaji kuandika kinachotamkwa, na kinachotamkwa baada ya konsonanti laini ni *a*, haiwi *ä*. Tadeusz Kowalski, mtaalamu wa Kipolandi aliyechapisha matini za Trakai mwaka 1929 kwa unukuzi makini, aliandika hivyo.

Hoja yenye nguvu zaidi iko ndani ya lugha yenyewe. Kama *u* ya [kʲunʲ] ingekuwa *ü* iliyojificha, ingetegemewa isikike sawa na *ü* ya [yʧ]. Haisikiki sawa. *Ü* kamili unaipata pale tu isipotanguliwa na konsonanti.

Na usitegemee hati za kale kukutatulia. Wakaraimu waliandika kwa herufi za Kiebrania kwa karne nyingi, na herufi hizo hazina njia ya kutofautisha *t* ngumu na *tʲ*. Kinachoweza kuonekana ni irabu, na hapo ni kwenye hati zilizowekewa alama za irabu: palipotegemewa alama ya *e* unakuta ya *a*. Ulaini wenyewe unaukisia kutokana na hapo.

Kuhusu chanzo: majirani wote, Kibelarusi, Kipolandi, Kirusi na Kilithuania, wana konsonanti laini na ngumu. Wakaraimu wamekaa nao tangu mwisho wa karne ya 14, walipoletwa na Vytautas, mtawala wa Lithuania. Lakini hakuna hata jirani mmoja anayelazimisha neno zima liwe upande mmoja. Kulainisha wamejifunza kwa jirani. Kulazimisha neno zima ni urithi wa Kituruki.

---

Spektro

Kama una rekodi, acheni kubishana kwa masikio. Fungueni Praat (programu ya kuchanganua sauti) mpime fomanti ya pili (F2), yaani kilele cha pili cha mwangwi wa sauti mdomoni, maana ulimi unapoinuka kuelekea kaakaa gumu ndiyo hupanda.

Mipangilio kwanza. Kikomo cha juu cha fomanti weka Hz 5000 kwa sauti ya mwanamume na 5500 kwa mwanamke, fomanti 5, dirisha sekunde 0.025. Tumia faili la WAV kama lipo. Ukiacha 5500 kwa mzee mwanamume mwenye sauti nzito, programu itaunganisha F1 na F2 ya *u* ngumu kuwa mstari mmoja, kisha itakupa F3 ukidhani ni F2, na utatangaza kwamba kila *u* ni *ü*. Nimeshaona mawasilisho ya namna hiyo. Ukiona F2 ya *u* ngumu imezidi 1500, punguza kikomo kwa mia mbili mbili, upime tena kabla ya kuamini.

Pa kupima ni muhimu kuliko mipangilio. Wengi wanapima katikati ya irabu peke yake. Kwa *a* ndefu kidogo hiyo inafaa, ila *u* fupi iliyobanwa kati ya konsonanti mbili laini haipati muda wa kushuka mpaka mahali pake, hivyo katikati yake itaonyesha F2 iliyopanda. Ukiishia hapo utampa ushindi Nyuki kimakosa. Chukua nukta tatu: mara tu baada ya konsonanti (milisekunde 10 hivi), katikati, na milisekunde 10 kabla ya konsonanti inayofuata. Irabu ya mbele ya kweli hukaa juu mstari mzima. Irabu ya nyuma kati ya konsonanti laini huchora bonde: juu, inashuka, inapanda tena. Kwenye [yʧ] linganisha: hakuna bonde mwanzoni.

Konsonanti gani ipimwe? *L*, bila kusita. Ina fomanti zake zenyewe kwa hiyo huhitaji kuangalia irabu ya jirani, na ipo kwenye kila neno la wingi. [ɫ] ngumu ya *atlar* huwa na F2 ya chini, karibu na Hz 1000. Ile [lʲ] laini hupanda kuelekea 2000. Pengo hilo hata spektrogramu (picha ya sauti) mbovu inalionyesha. *N* iache, pua inavuruga fomanti. *T, d, k* pima mwanzoni mwa irabu inayofuata. *J* usiipime kabisa kama shahidi: yenyewe ni ya kaakaa gumu tangu kuzaliwa na inakaa pande zote mbili, *jol* "njia" ni neno gumu na *jer* "ardhi" ni neno laini.

Jambo moja zaidi: pima *l* ileile kwa msemaji yuleyule. Wazee hawa wana Kilithuania, Kipolandi na Kirusi kichwani, na kila mmoja *l* yake ngumu ina uzito wake. Wastani wa watu watatu tofauti utakudanganya. Na ukipata msemaji mdogo wa umri, sikiliza zaidi konsonanti ya mwisho wa neno. Kilithuania hakina konsonanti laini mwishoni, na Kipolandi kimeacha kulainisha *m, b, p, w* mwishoni, hivyo mwisho wa [yrʲanʲamʲ] ndipo ningetegemea ulaini upotee mapema.

---

Tarumbeta

Nyuki, kabla hujakabidhi: kile kijiti ni herufi yenyewe, U+02B2 (ʲ). Usichape *j* ya kawaida ukaipandisha juu kwa mapambo ya Word, maana ukinakili kwenda kwingine inashuka na [kʲunʲ] inageuka "kjunj". Na ritifaa (') usiitumie, programu huigeuza kuwa nukuu. Kwa *ń* na *ŕ* hakikisha ni herufi moja iliyoungwa. Ukiweka *n* na alama tofauti, neno litaonekana sawa kwa macho lakini ukilitafuta halipatikani.

---

Nyuki_wa_Fonolojia

Sawa. Nimepima *l* za msemaji mmoja, zimejigawa makundi mawili yaliyo mbali. Nakubali yaishe. Jaribio la pili:

siku [kʲunʲ]
kutoka siku [kʲunʲlʲarʲdʲanʲ]
jicho [kʲozʲ]
farasi (wengi) [atɫar]
njia [joɫ], njiani [joɫda]
ardhini [jerda]
sita [aɫtɯ], saba [jedʲɯ]
alienda [bardɯ], alikuja [kʲelʲdʲi]

---

Mwl_Irabu

Mawili tu. "Ardhini" ni [jerʲdʲa]: *j* imekudanganya kwa kukaa kimya, ukafuata *joɫda*. Angalia *e* ya silabi ya kwanza, ndiyo inayokuambia neno ni laini. Na "saba" ni [jedʲi]. Huwezi kulainisha *d* ukaacha [ɯ] nyuma yake, hiyo ni irabu ya upande wa *alty*.

Kichwa cha zoezi andika "Kikaraimu cha Trakai", kisha uorodheshe yale 9 ya Halych kwenye ukurasa wa nyuma. Usiyatupe. Sensa ya Lithuania ya 2001 ilihesabu Wakaraimu 273 tu, na wanaoizungumza ni sehemu ndogo ya hao. Halych hali ni mbaya zaidi. Hayo 9 atayahitaji mtu mwingine.